Mwalimu wa Lugha Aliyeuliza: Twendapi?

Wako watu wanaodhani kwamba kazi ya mwalimu wa lugha hukomea kwenye ngeli na nyakati. Humfikiria kuwa ni fundi wa maneno: hutia alama ya wino mwekundu palipokosewa, huandika ubaoni lililo sahihi, kisha kengele ikilia huenda zake. Kazi ya kutetea haki huwaachia mawakili, wanasiasa na masheikh. Makala haya yanamhusu mwalimu mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Mombasa, ambaye maisha yake yote yameikanusha dhana hiyo. Jina lake ni Abdilatif Abdalla.

Wazee wengi wa Pwani wanalijua jina hilo. Vijana wachache wamekutana nalo katika vitabu vya ushairi. Tumeona vyema kumtaja katika jarida hili la familia, linalosomwa Funzi, Bodo, Shirazi na Msambweni, kwa sababu swali analotuachia ni la nyumbani kabla ya kuwa la siasa. Ulimi tunaowapa watoto wetu, tunawapa waufanyie nini?

Nyumba iliyomlea

Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Malezi yake yalikuwa mikononi mwa babu yake, Ahmad Basheikh bin Hussein, ambaye naye alikuwa mshairi. Sehemu ya utoto wake aliipitisha nje ya Mombasa, Takaungu na Faza, miji midogo ya pwani ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni, ya msikitini, ya harusini na ya matangani. Huko mtoto hakufundishwa shairi kama somo la mtihani. Alilisikia likisomwa na watu wazima walipokutana, akajua kwamba neno hupimwa mizani kabla ya kutoka kinywani.

Nyumba yao ilikuwa ya watu wa kalamu na wa hoja. Ndugu yake mkubwa, Sheikh Abdilahi Nassir, aliingia katika siasa za Pwani kabla ya uhuru, kisha akajulikana kuwa mwanachuoni na mhadhiri wa dini aliyesikilizwa mbali na Mombasa. Ndugu mwingine, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndiye mtungaji wa *Malenga wa Mvita*, diwani iliyochapishwa mwaka 1971, na vilevile wa *Utenzi wa Mtu ni Utu*. Jina la utenzi huo wa pili linatosha kuonyesha mafunzo yaliyotawala katika ukoo: kwamba mtu hathaminiwi kwa mali wala cheo, bali kwa utu wake na namna anavyowatendea wenziwe.

Hapa panafaa kutua kidogo. Tunapomsifu mtu kwa ushujaa wake, mara nyingi tunasahau kwamba ushujaa ulipikwa jikoni kwa mtu. Kijana anayesimama na kusema kweli mbele ya wenye nguvu alianza kwa kusikilizwa nyumbani alipokuwa mdogo. Aliona wazee wakibishana bila kutukanana. Aliambiwa kwa nini, wala hakuamrishwa tu.

Swali la mwaka 1968

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijitenga na chama kilichotawala, KANU, akaanzisha chama cha upinzani kiitwacho KPU. Abdilatif, aliyekuwa karani katika Baraza la Mji wa Mombasa, alijiunga na chama hicho. Ulipofika uchaguzi wa mabaraza ya wilaya na miji mwaka 1968, wagombea wa KPU walikataliwa kwa wingi kwa hoja kwamba fomu zao hazikujazwa ipasavyo. Wagombea wa chama tawala wakapita bila ya kupingwa.

Abdilatif alikuwa na umri wa miaka 22. Aliandika waraka kwa Kiswahili, ukasambazwa kwa siri, na kichwa chake kilikuwa swali: *Kenya: Twendapi?* Ndani yake aliishutumu serikali kwa kuwanyima wananchi haki ya kuchagua, akaonya kwamba njia ile haikuwa njia ya watu huru.

Tuzingatie mambo mawili. La kwanza ni kwamba waraka uliandikwa kwa Kiswahili. Siasa za wakubwa ziliendeshwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mchukuzi wa bandarini na mama muuza samaki hawakuielewa. Kuwaandikia kwa lugha yao kulikuwa ni kuwaambia kwamba jambo hili ni lenu pia. La pili ni kwamba kichwa chake kilikuwa swali. Mwalimu yeyote anajua kwamba swali zuri hufanya kazi kuliko jawabu kumi. Jawabu hufunga mlango, lakini swali humwamsha msikilizaji aanze kufikiri mwenyewe.

Serikali iliuona uzito huo. Abdilatif alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1968, akashtakiwa kwa uchochezi, na mwaka 1969 akaanza kutumikia kifungo cha miaka 3. Mwaka huohuo KPU ilipigwa marufuku.

Miaka ya upweke

Alifungwa Kamiti, na pia Shimo la Tewa, akatengwa peke yake mbali na wafungwa wengine. Kijana aliyekulia kwenye mabaraza ya mazungumzo akanyimwa mtu wa kuzungumza naye. Hakuruhusiwa kuandika. Akaandika hivyohivyo, juu ya karatasi za chooni, akazificha, na tungo zile zikatoka gerezani kwa siri.

Mwaka 1971, yeye akiwa bado kifungoni, kitabu chake cha *Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa* kilichapishwa. Aliachiliwa mwaka 1972, na mwaka 1973 zile tungo za gerezani zikatoka kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Msomaji anaweza kuyatafakari mwenyewe mambo hayo: mashairi yaliyoandikwa juu ya karatasi za chooni, na mfungwa wa serikali ya Rais Kenyatta, yakashinda tuzo yenye jina la Rais huyohuyo.

Mamba, mnazi na mtoto aliye tumboni

Anayekisoma *Sauti ya Dhiki* akitarajia kukuta hotuba za siasa atashangaa. Mshairi amewachukua viumbe na mambo ya kila siku ya watu wa Pwani, akayafumba.

Liko shairi la Mamba, mnyama anayejigamba mtoni kwa nguvu zake na kujiona kwamba ataishi milele, akisahau kwamba naye ana siku yake. Wasomaji wetu wanaoujua mto Ramisi hawahitaji kuelezwa mamba ni mnyama gani. Wanajua anavyojilaza kimya kana kwamba ni gogo, na wanajua kwamba maji yale hayakuumbwa kwa ajili yake peke yake. Mtawala hakutajwa kwa jina katika shairi, na hakuna haja. Kila zama humjua mamba wake.

Liko shairi la Mnazi, ambamo watu wawili wanavutana juu ya mti mmoja, kila mmoja akidai kuwa yeye ndiye mwenye haki nao. Katika nchi yetu ya Kwale, hilo si fumbo tu. Ziko familia ngapi ambazo ndugu hawasalimiani kwa sababu ya minazi iliyoachwa na babu? Mnazi hupandwa na mmoja, hukwewa na mwingine, na ardhi yake huenda ikawa na hati ya mtu wa tatu asiyejulikana kijijini. Mshairi aliutumia mti huo kuisema nchi nzima, na sisi twaweza kuutumia kujisema wenyewe.

Liko pia shairi la Usiniuwe, ambamo mtoto aliye bado tumboni anaomba asiuawe. Linatukumbusha kwamba kwa mshairi huyu haki haikuwa mali ya wenye kura na vyama pekee. Mnyonge kuliko wote, asiye na jina wala sauti, naye amepewa ulimi na kusikilizwa.

Na liko Kuno Kunena, ambamo anashangaa kwamba kule kusema kweli ndiko kulikomtia kifungoni. Mashairi mengine yanaonyesha kwamba kifungo hakikumgeuza. Aliloshika alilishika, na hakuliacha kwa kuogopa wala kwa kuahidiwa.

Mwalimu wa ugenini

Baada ya kifungo alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu tangu 1972 hadi 1979. Taasisi hiyo ndiyo iliyoandaa *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, iliyotoka mwaka 1981. Katika miaka hiyo alikitafsiri kitabu cha Ayi Kwei Armah wa Ghana, nacho kikachapishwa mwaka 1976 kwa jina la *Wema Hawajazaliwa*. Ni hadithi ya mfanyakazi mmoja mwaminifu katika nchi iliyooza kwa rushwa, ambaye hata watu wa nyumbani kwake humwona mjinga kwa kuikataa. Mfasiri hakukichagua kitabu hicho kwa bahati tu.

Kutoka Dar es Salaam alikwenda London, akatangaza katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akawa mhariri wa gazeti la *Africa Events*. Huko London, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzao, alifanya kazi ya kuwatetea wafungwa wa kisiasa wa Kenya katika miaka ya themanini, wakati ambapo wengi nyumbani hawakuweza kuwatetea kwa sauti. Aliyewahi kuwa peke yake ndani ya chumba cha gereza hakuwasahau waliobaki humo.

Mwaka 1995 alianza kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, akaendelea hadi alipostaafu mwaka 2011. Kwa miaka 16 vijana wa Kijerumani walijifunza lugha yetu kwa mtu aliyeilipia kwa kifungo. Wanafunzi wa lugha za kigeni hujifunza kwanza namna ya kusalimu, kununua na kuuliza njia. Lakini mwalimu wa namna hii hawezi kufundisha neno *haki*, au *dhiki*, au *utu*, kama mtu anayesoma orodha ya msamiati. Neno huja na maisha yaliyo nyuma yake.

Mwaka 2016 Rose Marie Beck na Kai Kresse walihariri kitabu kinachomhusu, kilichochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Yeye mwenyewe hakuacha kuwashughulikia wengine. Aliihariri *Kale ya Washairi wa Pemba*, iliyotoka mwaka 2011, ili tungo za Kamange na Sarahani zisipotee. Kuwapa wafu haki yao ya kukumbukwa nako ni uadilifu.

Lugha ya nyumbani nayo ina haki

Upo upande mmoja wa uadilifu ambao watu wa Funzi wataufahamu haraka. *Sauti ya Dhiki* imeandikwa kwa Kimvita. Mshairi ameandika *ndia* pale ambapo kitabu cha shule kingesema *njia*, na hakuomba radhi.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiswahili cha shule za Afrika Mashariki kijengwe juu ya Kiunguja. Kamati ya lugha ikaundwa mwaka 1930 kulisimamia jambo hilo. Faida yake ni kubwa: leo mtu wa Vanga na mtu wa Bukavu wanaweza kusoma kitabu kimoja. Lakini mtoto wa Mombasa alijikuta anasahihishwa katika lugha aliyoinyonya kwa mama yake, na vivyo hivyo mtoto wa Pate, wa Wasini na wa Funzi. Kivumba na Chifundi zikaitwa makosa, hali ya kuwa ni lahaja zenye umri mkubwa kuliko hiyo kamati.

Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba lugha ya nyumbani kwao ni makosa hujifunza jambo jingine chini ya hilo: kwamba watu wa kwao hawana la maana la kusema. Baadaye akiitwa barazani au mahakamani, hunyamaza. Qurani Tukufu, katika Sura ya Ar-Rum, imeitaja tofauti ya lugha zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Katika Sura ya Ar-Rahman, kumfundisha mwanadamu kubainisha kumetajwa pamoja na kuumbwa kwake. Neema ya namna hiyo haifai kudharauliwa, na mzazi anaweza kumfundisha mwanawe Kiswahili sanifu kwa bidii bila ya kumwonea haya bibi yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imelizingatia hili. Ibara ya 7 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na imeitaka serikali kuziendeleza lugha za wenyeji. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumika kortini. Ibara ya 170 inazitambua mahakama za Kadhi katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu walioridhia kwenda huko. Mama anayenyang'anywa fungu lake la urithi, au aliyeachwa bila kupewa haki zake, anayo milango ya kubisha. Lakini mlango haubishwi na aliyelelewa kuamini kwamba sauti yake haifai kusikika.

Hofu ya mama

Huenda msomaji akasema: haya ni maneno mazuri, lakini mwanangu akisema kweli kisha akachukuliwa, nani atanirudishia? Swali hilo halifai kupuuzwa. Kwa miaka mingi watetezi wa haki za binadamu wameeleza visa vya vijana wa Pwani waliokamatwa au kutoweka, na Kwale imo katika habari hizo. Mama wa hapa anayemwambia mwanawe anyamaze hakuokota hofu yake njiani. Wahenga nao wametuachia kauli za kuhadhari, na kila nyumba inaijua ile ya kufunika kombe mwanaharamu apite.

Mkasa wa Abdilatif hauifuti hofu hiyo. Alikwenda gerezani kweli, na miaka yake mingi ya utu uzima ameiishi ughaibuni, mbali na waliomlea. Nyuma ya kila mfungwa kuna nyumba inayongoja. Gharama ya neno la kweli hailipwi na aliyelisema peke yake.

Hata hivyo, kimya nacho kina gharama, ila gharama yake hulipwa polepole na huwaangukia wanyonge. Kombe likifunikwa mara kwa mara, mwanaharamu hapiti. Huketi na kuzoea. Aliyedhulumiwa urithi hufa na kinyongo. Msichana aliyeharibiwa na jamaa huambiwa asitie aibu ukoo. Ardhi huuzwa mbele ya macho ya wenyewe. Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kuusimamia uadilifu na kutoa ushahidi wa kweli hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Aya hiyo haikuanza na watawala. Imeanza na sisi na walio karibu nasi, na huenda hapo ndipo penye ugumu zaidi.

Kwa hiyo haki haianzi kwa kumtuma kijana barabarani. Inaanzia kwenye mkeka wa chakula. Mtoto akiuliza kwa nini dada yake amenyimwa alichopewa kaka, ajibiwe, asikaripiwe. Akikosea neno, arekebishwe bila ya kuchekwa. Akisema lililo kweli dhidi ya mzazi, mzazi akubali. Afundishwe pia hekima ya neno: wakati wake, mahali pake na adabu yake, kwani hata *Twendapi?* haikuwa matusi, ilikuwa hoja iliyofikiriwa. Na asomewe mashairi nyumbani, ayajue yaliyotungwa kwa lugha za pwani yake, ili aelewe kwamba waliomtangulia hawakuwa mabubu.

Watoto wa Funzi wanaokwenda shule ng'ambo wanaizoea safari ya chombo tangu udogo. Wanajua kwamba baharini nahodha huulizwa chombo kinaelekea wapi, na kuuliza huko si utovu wa adabu, kwa sababu wote wamo humo na maji ni ya wote. Nyumba ni chombo, kijiji ni chombo, na nchi ni chombo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wazazi wanaoweza kuulizwa, na atupe watoto wanaojua kuuliza.